Chopa huanzia shingoni

Msomaji anauliza: “Mtaani kwetu kila pikipiki yenye usukani wa juu inaitwa chopa. Ni nini hasa kinachoifanya pikipiki iwe chopa, na mtindo huu ulitoka wapi? Nina pikipiki ya zamani ya cc 250 na fundi mzuri wa kuchomelea. Anasema tununue mirija ya uma wa mbele iliyozidi sentimita 15, tuifunge, basi. Inatosha?”

Haitoshi, ndugu. Pikipiki itatembea, pengine hata itakupendeza siku mbili za mwanzo, lakini itakuwa imeinua pua tu kama mbwa aliyekalia matako. Sura ya chopa na taabu zake zote ziko kwenye shingo ya fremu, lile bomba fupi nyuma ya taa ambalo usukani huzungukia ndani yake. Nitakupitisha California kwanza, maana huko ndiko utakakoelewa kwa nini watu waliikata shingo hiyo, kisha tuje kwa fundi wako na tepu yake.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza chop, yaani kukata. (Magazeti yetu yameshalipa neno hilo kazi nyingine, kwa hiyo usishangae ukitafuta “chopa” ukaletewa helikopta na wagombea wakipunga mkono.) Kabla ya chopa kulikuwa na boba. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa Marekani walichukua Harley-Davidson na Indian za kawaida, wakazivua kila kisichosaidia kwenda: madigadi ya mbele, mikoba ya pembeni, vyuma vya kukinga injini, taa za ziada. Madigadi ya nyuma ilikatwa ikabaki kipande. Baada ya 1945 pikipiki za jeshi aina ya WLA, zenye injini ya cc 740, ziliuzwa kwa bei rahisi, na wanajeshi waliorudi vitani walikuwa wameshajifunza ufundi. Boba ilikuwa njia ya mtu asiye na pesa ya kupata mwendo: kilo ukiitoa hainunuliwi.

Tofauti kati ya boba na chopa iko kwenye fremu tu. Boba hupunguza vitu na kuiacha fremu ilivyotoka kiwandani. Chopa huigusa fremu: shingo hulazwa nyuma, mabomba hurefushwa, mara nyingi na shokapu za nyuma huondolewa. Ile ya kiwandani yenye kiti cha chini na usukani mpana ni kruza, hata muuzaji akiapa vipi.

Hatua ya kutoka boba kwenda chopa ilichukua zaidi ya miaka kumi, na kiwanda chenyewe kiliisukuma bila kujua. Mwaka 1949 Harley-Davidson ilitoa Hydra-Glide yenye uma wa mafuta, na 1958 ikatoa Duo-Glide yenye shokapu za nyuma. Pikipiki zikawa na starehe, zikawa pia nzito na pana. Waliopenda mstari safi, ule wa bomba linaloshuka kutoka chini ya tangi moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, wakaanza kusaka fremu za kabla ya 1958. Wakafunga gurudumu jembamba la inchi 21 mbele. Tangi kubwa la pande mbili likatolewa, likaja dogo la pikipiki za Mustang zilizotengenezwa Glendale, au lile la Sportster ya Harley lenye umbo la karanga, linaloingiza lita 8 na kidogo. Kwa injini ya cc 1,200 hiyo ni safari fupi kati ya vituo viwili vya mafuta, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu tangi dogo huiacha injini ionekane yote.

Uma mrefu ulikuja kidogo kidogo. Wengine walianza na uma wa springi wa XA, pikipiki ya jeshi ya 1942 iliyotengenezwa kama 1,000 tu, ambao ulikuwa mrefu kuliko wa Harley za kawaida. Uma wa springi una miguu ya chuma isiyoteleza ndani ya mrija, kwa hiyo mchomeleaji anaweza kuukata na kuongeza kipande. Ukirefusha mbele, fremu inainuka. Ili irudi chini, kata shingo uilaze. Ukishailaza, uma unaonekana mfupi tena. Ukiangalia picha za miaka ya 1960 utaona mchezo huo ukizidi mwaka hadi mwaka. Usukani mrefu wa kuning'inia, ambao Wamarekani waliufananisha na nyani aliyeshika tawi, ulikuja katika mkondo huohuo, na polisi nao wakaja na rula: sheria ya California hairuhusu mikono ya dereva kuzidi inchi 6 juu ya mabega yake. Bomba refu la kuegemea nyuma ya kiti lilikuwa na kazi halisi, kumzuia abiria asidondoke na kufungia mzigo, kabla halijageuka pambo.

Pikipiki iliyoutangazia ulimwengu mtindo huu ni ile ya tangi la bendera ya Marekani aliyoiendesha Peter Fonda katika filamu ya Easy Rider ya 1969. Wengi wanajua tangi, wachache wanajua walioijenga. Ni Cliff Vaughs, mpiga picha aliyekuwa katika harakati za haki za raia, na Ben Hardy, fundi wa Los Angeles, wote Wamarekani weusi. Walitumia Hydra-Glide za polisi wa Los Angeles zilizonunuliwa mnadani, wakatengeneza nne: mbili za sura ya ile ya Fonda na mbili za sura ya ile ya mwigizaji mwenzake, Dennis Hopper. Itazame ile ya Fonda kwa karibu: fremu haina shokapu za nyuma, shingo imelazwa, uma umerefushwa, mbele hakuna madigadi wala breki, mabomba ya moshi yamepanda juu nyuma kwa mkia wa samaki. Moja iliharibiwa katika tukio la mwisho na nyingine ziliibwa. Majina ya Vaughs na Hardy hayakuandikwa kwenye filamu, na kwa miongo kadhaa sifa zilikwenda kwingine. Ukiambiwa chopa ni mtindo wa Wazungu wa magenge, unajua la kujibu.

Baada ya hapo kila mji ukawa na mkato wake. San Francisco, mji wa vilima na msongamano, ulipenda uma mfupi, usukani mwembamba wa kupenya kati ya magari na tangi lililoinuliwa juu ya bomba la fremu. Ng'ambo ya ghuba, San Leandro, Arlen Ness akatengeneza zile ndefu za chini, nyembamba, zenye tangi la kona kali. Karakana ya Denver's Choppers ya San Bernardino ikajulikana kwa uma wa springi mrefu kupindukia. Ilipotoka Honda CB750 mwaka 1969, yenye silinda nne, watu wakaifanyia fremu za chopa pia, na Triumph za Uingereza hazikuachwa. Waswidi walichukua urefu huo wakaufanyia uhandisi. Tolle Denisch alijenga uma wa mirija minene na bamba pana (bamba, la juu na la chini, ndizo zinazoishika mirija kwenye shingo), na ndiyo sababu chopa ya Kiswidi yenye uma mrefu kuliko mtu inaweza kuvuka nchi. Kiwanda cha Harley-Davidson kikafuata mitaa kwa kuchelewa: Super Glide 1971, Wide Glide 1980, halafu Softail ya 1984 iliyoficha shokapu chini ya giaboksi ili nyuma paonekane pagumu, kana kwamba hapana shokapu. Wazo hilo Harley-Davidson ililinunua kwa mhandisi wa Missouri, Bill Davis. Enzi za vipindi vya televisheni vya chopa vya miaka ya 2000, na matairi ya nyuma ya milimita 250 na 300, nazipita haraka: tairi pana hivyo hukataa kulala kwenye kona, na pikipiki nyingi za wakati ule zilijengwa ziangaliwe.

Sasa shingo.

Kuna vipimo vitatu. Cha kwanza ni mlalo, yaani nyuzi ambazo shingo imelala kutoka wima. Pikipiki nyingi za barabarani zina kama 25 hadi 30. Cha pili ni mtokezo, umbali ambao ekseli ya mbele iko mbele ya mstari wa shingo, ukipimwa kwa pembe mraba. Cha tatu huzaliwa na hivyo viwili, nami nitakiita mkia. Vuta mstari wa shingo mpaka ugonge ardhi, weka alama. Shusha timazi kutoka katikati ya ekseli, weka alama nyingine. Alama ya ekseli lazima iwe nyuma ya ile ya shingo, na umbali kati yake ndio mkia. Gurudumu la kitoroli cha dukani hufanya kazi hivyohivyo: linafuata nyuma ya mhimili wake, kwa hiyo hujinyoosha lenyewe ukisukuma mbele.

Hesabu yake: zidisha nusu kipenyo cha gurudumu, pamoja na tairi, kwa tanjenti ya mlalo; toa mtokezo uliogawanywa kwa kosaini ya mlalo. Chukua pikipiki kama yako: nusu kipenyo mm 310, mlalo nyuzi 27, mtokezo mm 50. Mkia unakuja kama mm 102. Lenga kubaki kati ya mm 75 na 150. Chini ya hapo usukani unakuwa mwepesi mno na unaweza kuanza kutikisika kwa mwendo. Juu ya hapo unatulia barabara iliyonyooka, lakini ukipunguza mwendo gurudumu linataka kuangukia upande, na kugeuza kwenye lami nyembamba kunakuwa kama kumvuta ng'ombe.

Tumfuate fundi wako: mirija ya sentimita 15 zaidi, fremu haijakatwa. Kwa urefu wa kati ya magurudumu wa mm 1,350, mbele itainuka kiasi cha kuizungusha pikipiki nzima nyuma kama nyuzi 5. Mlalo unakuwa 32, mkia karibu mm 137. Kwa karatasi hiyo inapita. Lakini injini nayo imelala nyuzi 5, kwa hiyo kiwango cha petroli ndani ya bakuli la kabureta si kile kilichopimwa na kiwanda. Itakosa kwenye mteremko, itafurika kwenye mwinuko. Uzito umepanda juu. Stendi ya pembeni imekuwa fupi na pikipiki italala sana, siku moja itaanguka. Kibaya zaidi ni mirija. Kama chini ya bamba la chini palikuwa na mm 550 na sasa ni mm 700, kwa nguvu ileile mrija utapinda mara mbili ya awali, kwa sababu kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu, yaani urefu mara urefu mara urefu. Nayo mirija ya cc 250 tayari ni myembamba. Utaona ukishika breki ya mbele: gurudumu linarudi nyuma, linaachia, linarudi tena.

Kukata shingo na kubakiza sentimita 15 hizo nako hakufai. Ili fremu ibaki sawa na ardhi, itabidi shingo ilale kama nyuzi 43, na mkia utafika mm 220. Hapo kuna tatizo jingine lisilosemwa: ukigeuza usukani nyuzi 30, tairi ardhini linageuka kama nyuzi 23 tu. Kila kona ya mtaa inahitaji mkono mrefu.

Watu wakiona mkia umezidi hukimbilia bamba za uma zenye mlalo wake wenyewe, zinazousukuma uma mbele nyuzi kadhaa zaidi ya shingo. Ni dawa nzuri, lakini kwa fremu iliyokwisha kukatwa. Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukifunga bamba za nyuzi 7 kwenye fremu yako ya nyuzi 27 bila kuikata, na uma uliozidi sentimita 8, pikipiki itaonekana chopa kweli, na mkia utabaki sentimita 1 na kidogo. Ndani ya ua itazunguka kama baiskeli. Kwa kilomita 80 kwa saa, shimo moja linatosha usukani ukutoke mikononi.

Ningekushauri hivi: uma uzidi sentimita 8, shingo ilazwe kutoka nyuzi 27 hadi 34, bamba ziongeze nyuzi 3. Uma utaonekana umelala 37, fremu itabaki sawa, na mkia utakuja karibu mm 105, pale pale kilipouacha kiwanda. Bamba zichongwe kwenye kipande kizima cha chuma au alumini ya daraja la juu. Zile za kumiminwa za kiwandani hazipindwi wala hazichomelewi.

Mirija inunuliwe mizima. Zamani waliuza vipande vya kuskrubu juu ya mrija wa zamani, na bado vipo. Kiungo cha namna hiyo kinavumilika kikiwa juu ya bamba la chini. Kikishuka chini yake kitakatika, kwa kuwa pale ndipo mrija unapobeba nguvu kubwa kuliko kote. Weka kipande cha bomba juu ya springi chenye urefu uleule ulioongeza, mm 80, la sivyo springi itaelea. Mafuta ya uma kiasi ni kilekile, ila uzito wake panda kutoka SAE 10 hadi 15. Uma uliolala hukwama kwenye bushi zake badala ya kuteleza, hivyo bushi zilizochoka zibadilishwe wakati huohuo, pamoja na beringi za shingo.

Kazi ya fundi wa kuchomelea ni hii. Injini ibaki ndani ya fremu mpaka vipimo vyote vichukuliwe, na fremu ifungwe kwenye meza ya chuma yenye vishikilio visivyocheza kwenye ekseli ya nyuma, vifungio vya injini na shingo. Bila meza hiyo shingo itajipinda upande kwa joto, hata nyuzi 1, na pikipiki itavuta kushoto maisha yake yote. Chomoa betri na kisanduku cha moto wa plagi. Klipu ya ardhi ya mashine ibanwe karibu na weldi, isije umeme ukapita kwenye beringi. Bomba la juu na la mbele yakatwe sentimita chache nyuma ya shingo, sehemu iliyonyooka, kamwe si kwenye weldi ya kiwanda. Ndani ya kila kiungo kiingie kipande cha bomba dogo linalobana, kama sentimita 10, nusu huku na nusu kule. Toboa matundu mawili kila upande wa kiungo, uyajaze weldi kushika kipande cha ndani, ndipo uzungushe weldi ya nje. Bomba jipya liwe lisilo na mshono, ukuta wa milimita 3, na ncha inayokutana na shingo ichongwe mdomo wa samaki mpaka karatasi isipite. Nafasi ya kujazwa kwa weldi ndiyo mahali ufa utakapoanzia. Mwisho, bamba la pembetatu la milimita 4 chini ya shingo, kati ya mabomba mawili. Kama fundi wako hutumia mashine ya vijiti tu na hajawahi kukata weldi yake katikati kuona ilivyoingia, akate vipande vitatu vya majaribio kwanza, mbele yako.

Breki ya mbele ibaki, hata kama picha unazozipenda hazina. Ilikuwa fasheni mbaya, na urefu wa pikipiki haubadilishi jambo hili: mbele bado hubeba kazi kubwa wakati wa kusimama. Utahitaji hozi ya breki, kebo ya gesi, kebo ya klachi na nyaya ndefu zaidi. Zipime usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho pande zote mbili, injini ikiwaka. Injini ikipandisha mzunguko ukigeuza, kebo ya gesi ni fupi.

Shokapu za nyuma ningeziacha mahali pake. Fremu ngumu inataka tairi nene la inchi 16 na kiti chenye springi ili mgongo uvumilie, na mitetemo yake hulegeza kila nati. Na kama unachotaka hasa ni ile sura nyepesi ya chini, fikiria boba: madigadi fupi, kiti kimoja, usukani tambarare, shokapu fupi kidogo nyuma. Ni kazi ya wikiendi mbili, haigusi shingo, na ukichoka unarudisha vitu vyake. Angalia tu kwamba shokapu fupi za nyuma nazo hubadilisha mlalo, kwa hiyo timazi itoke tena.

Ukikata, jaribio la kwanza lifanywe uwanjani, mwendo wa kutembea, ukiwa umeketi na mtu mwingine akipima mkia kwa timazi. Kisha kilomita 30 kwa saa, uachie usukani kidogo mikono ikiwa karibu; ukitikisika, simama na upime upya. Baada ya kilomita 100 ingia chini ya tangi na tochi, pangusa weldi za shingo kwa petroli, uangalie mstari mweusi mwembamba unaorudi baada ya kupangusa. Huo ni ufa. Rangi ya kudumu isipakwe shingoni kabla ya kilomita 500. Praima nyembamba ya kijivu huonyesha ufa mapema, rangi nene na krome huuficha mpaka bomba liachie.